Kadi Mia Mbili na Bahasha Moja

Daktari aliifungua bahasha kwa ncha ya kalamu, na gundi iliyokauka ikamwagika mezani kama unga. Akatoa karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akarudi mbele.

"Mama, hili jibu lina miezi mitano."

Sikujua anataka niseme nini.

"Miezi mitano, mama. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natengeneza kadi," nikasema.

Alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniangalia kama mtu anayepima kama nina homa. "Kadi gani?"

"Za harusi. Kadi mia mbili."

Akaweka kalamu chini. Akamgeukia mume wangu, Masatu, aliyekaa kiti cha pembeni na kofia yake magotini. "Baba, mama hajaambiwa?"

Masatu akaangalia viatu vyake.

Basi nikaambiwa, palepale, na mtu nisiyemjua, kwenye mji usio wangu. Saratani ya titi, la kulia, na imeshafika kwapani. Nilikuwa namsikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule unga wa gundi juu ya meza. Ulikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Gundi ya rangi ile ziwa hili lote anayepika ni mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Hapo ndipo nilipokufa. Kuhusu ugonjwa, nilikuja kulia baadaye.

Naitwa Nyangeta, jina la ubatizo Veronika, na hapa Kiriba wananiita Mama Bwire. Nimesoma mpaka darasa la nne. Ugonjwa unaanzaje na unatembeaje mwilini, hayo waulizeni waliosomea. Mimi naandika nilichokiona, kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi na kadi ya kliniki mkononi. Na majina nitayataja. Wapo watakaosema mambo ya ukoo hayaandikwi. Walipoishika bahasha yangu hawakuniuliza mimi mambo ya mwili wangu yanafichwaje.

Nianze mbali, maana huko mbali ndiko kuzuri.

Nilizaliwa upande wa Butiama, kwenye mawe, baba akilima mtama na mihogo. Mama alipofariki nikapelekwa Nyegina kwa mama mdogo, dada yake mama, ambaye alikuwa mpishi misheni. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kulikuwa na sista mmoja mzee, Sista Fideli, mwembamba, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya mkasi. Alikuwa anawafundisha wasichana kutengeneza kadi za Noeli na za Komunyo ya Kwanza. Lakini huendi mezani kwa Sista mpaka umalize tuta lako la viazi. Ukimaliza kupalilia, unanawa mpaka kwenye viwiko, unaenda kumwonyesha kucha. Kucha zikiwa na udongo unarudishwa. Zikiwa safi anasema, "Haya, njoo ule zawadi yako." Na zawadi ilikuwa ni hiyo tu, kukaa mezani na kukata karatasi.

Maua tulikuwa tunayatengenezaga kwa magamba ya sato. Wanawake waliokuwa wanaparua samaki mwaloni, pale mitumbwi inapotua, walikuwa wanayatupa, sisi tunayazoa kwenye ndoo. Unayaosha kwa sabuni, unayaosha tena kwa ndimu mpaka shombo itoke, unayaanika kivulini. Ukiyaanika juani yanajikunja kama kucha za mzee. Halafu unayatia kwenye rangi ileile ya kupaka ukili wa mikeka, nyekundu au zambarau au manjano, na yakikauka unayapanga moja juu ya jingine mpaka ua linafunguka mbele ya macho yako. Linang'aa. Ukiigeuza kadi kwenye mwanga unaona kama ua lina maji ndani. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndimu na shombo kwa pamoja narudi kuwa na miaka kumi na mbili, nimenawa mpaka viwiko, nasubiri mkasi.

Gundi tulipika wenyewe. Unga wa muhogo, maji, na kipande cha mrututu, lile jiwe la buluu la dukani, kidogo kama punje ya hindi, ili mende wasile kadi. Huo mrututu ndio unaotia ile rangi. Sista alikuwa anatupiga vidole tukivilamba, maana mrututu ni sumu.

Na alikuwa na sheria yake moja. Kila ukitengeneza kadi sita za watu, ya saba ni yako. Huiuzi na humpi mtu. Unaiweka. Nikamuuliza siku moja, "Sista, mimi kadi ya kwangu mwenyewe ya nini?" Akasema, "Ya kukukumbusha kwamba na wewe ni mtu."

Nikaolewa Kiriba na kijana mvuvi, Masatu, na mkasi wangu nikaja nao. Miaka yote hiyo, nikitoka shambani, nikishamaliza vyombo na watoto, najipa saa moja. Kadi za ubatizo, za Pasaka, za mwalimu anayehama. Masatu alikuwa ananitania kwa wenzake: "Mimi navua samaki, mke wangu anawashona upya." Tukicheka. Nataka mjue kwamba tulikuwa tunacheka.

Kivimbe nilikiona wakati wa kupanda vuli, naoga. Kigumu, kama kokwa ya ubuyu chini ya ngozi. Zahanati wakanipeleka Musoma mjini, pale wakanichoma sindano nene, wakachukua kinyama wakasema kinapelekwa Mwanza kupimwa. Dirishani alikuwepo muuguzi anaitwa Salome. Akaniuliza namba ya simu. Yangu ilikuwa imeangukia ziwani, ya Masatu anaenda nayo majini. Nikataja ya shemeji yangu, Majura, kaka mkubwa wa Masatu, anayekaa Bunda na ana mashine ya kusaga. Hilo ndilo kosa langu mimi, na ninaliandika la kwanza ili isisemwe nawaonea wengine.

Mwaka mpya ulipoingia tu, Majura akaja Kiriba mwenyewe, na mchumba wa mwanawe, binti anaitwa Neema. Neema alikuwa ameona kadi yangu moja kwa rafiki yake, akasema harusi yake haitaki kadi za kuchapishwa, anataka za magamba. Majura akakaa barazani, akavua kofia, akasema kwa sauti kubwa, "Shemeji, nimekuletea mambo mawili. La kwanza, tunataka kadi mia mbili kabla ya Pasaka. La pili, wale watu wa hospitali wamenipigia, nimepita nikachukua majibu yako. Ni maziwa yaliyoganda tu. Uvimbe wa kawaida. Hakuna haraka."

Nilipiga vigelegele. Nikachinja kuku. Masatu akainuka akasema anaenda kuangalia mbuzi, na mbuzi walikuwa wamefungwa palepale mbele yetu. Sikuliona hilo siku ile. Nimekuja kuliona baadaye, nikiwa nimelala na sindano ya dripu mkononi, na tangu hapo nimeliona mara elfu.

Sasa nasema jambo ambalo linaniuma kuliko kisu. Miezi ile mitano ilikuwa mitamu. Katika maisha yangu sijapata miezi kama ile. Nilitoa meza barazani, masika yakawa yananyesha mbele yangu, na mimi nakata. Majirani wakawa wanakuja kusaidia kupaka rangi, na kama hawakusaidia walikuja kusema watu. Binti yangu alikuja kutoka kwa mumewe akakaa wiki mbili. Na Masatu, jamani. Masatu alikuwa anarudi ziwani alfajiri na magamba ameshayaparua mwenyewe, ameshayaosha. Akawa anachota maji. Mwanaume wa Kiriba, na ndoo kichwani! Mama mmoja jirani akamwambia, "Baba Bwire, umerogwa?" Akajibu, "Acha nirogwe." Mimi nikasema moyoni, mapenzi yamerudi uzeeni. Nikawa najipodoa.

Kivimbe kikawa kinakua. Kingine kikatokea kwapani. Majura alipokuja kuangalia kadi nikamwambia, "Shemeji, hiki kitu hakipungui." Akasema, "Ni kuinama sana hapo mezani. Maliza hizi, utapumzika." Nikainama zaidi ili nimalize mapema. Ile sheria ya Sista, ya kadi ya saba, niliisahau kabisa. Katika kadi zote mia mbili sikujiwekea hata moja.

Harusi ilifungwa Bunda baada ya Pasaka, mvua zikiishia. Mshereheshaji aliinua kadi yangu juu, akasema mama aliyeitengeneza asimame. Ukumbi wote ukapiga makofi. Majura akanifuata, akanishika mkono wa kulia, akacheza na mimi mbele za watu. Picha ninayo. Mimi nimevaa sare ya kitenge cha kijani, nacheka mpaka gego linaonekana, na yeye anacheka. Angalia picha vizuri. Kuna mtu mmoja pale anajua na mwingine hajui.

Wiki moja baadaye alikuja na wazee wawili wa ukoo. Akanipa bahasha imefungwa. "Shemeji, uende Mwanza wakuangalie. Hii ni ya daktari, usiifungue." Nikaibeba mwenyewe, mapajani, njia nzima, mpaka kwenye ile meza. Mengine nimeshawaambia.

Benchi la Mwanza nalijua kuliko kanisa la kwetu. Ni refu, la mbao, katikati pamebonyea kwa watu kukaa. Unafika alfajiri unakuta mkeka, vikapu, chupa za chai, mtu ameweka kanga kushika nafasi ya dada yake. Mnakaa mkiitwa majina, na mtu akiitwa mara tatu haitiki mnaangaliana.

Hapo ndipo nilipomkuta Mama Wakuru, mfugaji kutoka Mugeta, mnene, mwenye mdomo. Siku ya kwanza akaninusa. "Wewe ni wa ziwani."

"Umejuaje?"

"Unanuka furu."

"Na wewe unanuka ndama," nikamwambia.

"Ndama ananuka vizuri," akasema, akasogea nikae.

Dripu ya kwanza ilikuwa dawa nyekundu. Ukienda haja ndogo inatoka nyekundu, na hakuna aliyekuonya, unadhani unakwisha. Nililala kwa binamu yangu kule Mwanza siku tatu natapika hata maji. Nilipofika nyumbani, nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Siku ya tano nikaamka, nikatoka na mkongojo mpaka barazani, ile meza bado ipo. Nikakumbuka tuta la viazi. Nikasema, Nyangeta, umemaliza tuta moja. Onyesha kucha.

Kucha zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Nikanawa hivyohivyo mpaka kwenye viwiko, nikakata kadi moja. Ua la mbaazi, la manjano. Haikuwa ya kumpa mtu. Nikaiweka dirishani kwangu.

Ikawa hivyo. Kila dripu, kadi moja. Ukiwa na wiki tatu kati ya dawa na dawa, wiki ya kwanza ni ya kulala, ya pili ni ya kukaa, ya tatu mwili unarudi kidogo, na mimi nikawa naisubiri hiyo ya tatu kama mtoto anavyosubiri nguo ya Noeli. Dripu ya pili nilitengeneza mawe ya kwetu Butiama, kwa maganda ya mayai niliyoyavunjavunja. Ya tatu, meza ya Sista na wasichana wanne wasio na sura. Ya nne vidole vilikufa ganzi, mkasi ukawa unaanguka, nikachana karatasi kwa meno na vidonda vyangu mdomoni, kikatoka kitu hakieleweki. Nikaiweka dirishani nayo. Wewe unayesoma, kama ulikuwa unafuma, fuma. Kama ulikuwa unapanda maua kwenye makopo, panda. Usingoje upone. Ukimaliza tuta, jilipe siku hiyohiyo, hata kama kinachotoka ni kibaya.

Mama Wakuru alinisikia nikisimulia, akasema, "Na mimi nataka. Nitengenezee ng'ombe wangu. Mweupe, ana doa jeusi jichoni."

"Sheria haisemi hivyo. Hizi ni zangu."

"Kwa hiyo unamnyima mgonjwa?"

"Na mimi nani?"

Akacheka mpaka muuguzi akatoka kutuangalia. Nilimtengenezea. Siku hiyo akanieleza habari zake, na mimi nikamweleza zangu. Kivimbe chake alikiona mwezi uleule nilioona changu, wa kupanda vuli. Kinyama kilichukuliwa hospitali nyingine. Yeye majibu alipewa siku yalipotoka, mkononi, alikuwa amesimama dirishani na mwanawe. Alipiga yowe, akaanguka, wakamwinua, kesho yake akauza ndama akaja. Kwake ilikuwa haijafika kwapani.

Aliponisikiliza mpaka mwisho hakutania. Alisema tu, "Mimi waliniacha nianguke."

Nyumbani Masatu aliendelea kuchota maji. Nilimwacha achote. Dripu mbili zilipita hatujasemezana zaidi ya chumvi na mlango. Halafu siku moja ananipa uji, nikamuuliza, "Gundi uliichukua lini?"

Akaweka bakuli chini. "Kaka aliniita Bunda ile wiki ya mwaka mpya. Alikuwa ameshaifungua. Akanisomea. Akasema mgonjwa wa hii kitu akiambiwa anakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa. Akasema tungoje harusi ipite, tutafute siku nzuri. Siku ya kukupa akasema ifungwe tena, nikachota gundi yako."

"Na ulikuwa unalala na mimi."

"Nilikuwa nalala na wewe."

"Na yale magamba?"

Akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria yale maji, ile ndoo kichwani, na jinsi nilivyojipodoa.

Nitasema na upande wao, maana huo upande naujua. Kwetu habari mbaya hapewi mwenyewe. Wanapewa wazee, wao ndio wanaotafuta siku na mahali. Baba yangu alipofariki, mdogo wangu Nyamisi alikuwa Tarime. Tukampigia tukamwambia baba anaumwa kidogo, njoo. Alishuka Butiama na mfuko wa machungwa ya mgonjwa, akakuta watu wanachimba. Mfuko niliupokea mimi. Aliniambia, "Dada, hata wewe?" Nikamwambia tulikuhurumia. Yale machungwa waliyala wachimbaji. Tulipomzika baba nilisahau lile neno, mpaka nilipokaa kwenye kile kiti Mwanza likanirudia lote.

Lakini baba alikuwa ameshakufa. Siku tulizomficha Nyamisi hazikumwongezea baba kitu wala kumpunguzia. Mimi nilikuwa hai. Siku zangu zilikuwa zinaliwa, na waliokuwa wanazihesabu ni watu wengine.

Baada ya dripu, mtama ukiwa umeshavunwa na watu wanatayarisha mashamba tena, nikakatwa. Titi likaondoka, na kwapani wakachimba. Sitawadanganya kwamba titi ni kitu kidogo. Siku ya kwanza niliyojiangalia nilivaa nguo haraka kama mtu ameniingilia bafuni. Lakini titi nililiaga. Nilikuwa nimenyonyesha watoto watano, limefanya kazi yake. Kilichonishinda ni mkono. Baada ya mionzi ukaanza kuvimba, huu wa kulia, kutoka begani mpaka vidoleni, mzito kama umelowa maji. Nikamuuliza yule daktari binti utapungua lini. Hakunizungusha. Akasema, "Tutaubana kwa bandeji, utafanya mazoezi, lakini kama zamani hautakuwa. Ungekuja mapema, mama, labda tusingefika kwapani."

Kidole gumba hakiingii kwenye mkasi.

Mkasi ule Sista Fideli alinipa mwenyewe nilipoolewa. Una tundu dogo, la mkono wa msichana. Nilijaribu mara tatu, nikauweka kwenye kopo.

Mionzi ilipoisha nikapata siku nzuri, nikaenda Musoma, pale dirishani. Salome yupo vilevile, ana nywele mpya. Nikamwambia mimi ni nani.

"Mama, nakukumbuka. Shikamoo."

"Marahaba. Majibu yangu ulimpa nani?"

"Alikuja mkubwa wa familia. Alijitambulisha vizuri."

"Kinyama kilitoka kwenye titi la mkubwa wa familia?"

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaguna. Akashusha sauti. "Mama, usikasirike, huku ndivyo tunavyofanya siku zote. Wengi wenu mkiambiwa mnaanguka hapahapa."

"Tuacheni tuanguke," nikamwambia. "Wekeni benchi, muwe na maji, mtuache tuanguke." Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Mwambie." Salome akafunga dirisha, akasema ni saa ya chai.

Kutoka hapo nikaenda Bunda kwa Majura. Nilimkuta mlangoni kwa mashine, mweupe kwa unga mpaka kope. Akanikaribisha kiti, akataka nipewe soda. Nikasema sikuja kunywa.

"Shemeji, bado una hasira? Si umepona? Tumshukuru Mungu."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Nilikuhurumia. Hebu sema kweli mbele ya Mungu. Ile miezi, hukuwa na furaha?"

Alijua pa kupiga. Nikakaa kimya, maana ni kweli, nilikuwa na furaha. Akaona kimya changu akadhani ameshinda. Akamwita mke wake. "Njoo usikie, hata mwenyewe anakubali!"

"Nilikuwa na furaha," nikasema. "Ndiyo maana ninakudai. Umenichukulia hata hiyo. Siwezi kuikumbuka mvua moja ya masika ile bila wewe kuwa ndani yake. Na ungeniambia, ningekwenda Mwanza, ningerudi, ningekata kadi zako kwa huu mkono. Ningezimaliza. Hukunihurumia mimi, ulizihurumia kadi."

"Sasa unataka nini? Nipige magoti?"

"Nataka ujibu mbele ya wale wazee uliokuja nao. Ukiwa umekaa. Nikuulize na ujibu."

"Mambo ya nyumbani hayo yamekwisha," akasema, akawasha mashine. Kwa ile kelele hakuna anayesikia kitu. Nikaondoka na unga kwenye nguo.

Sasa ni vuli tena, ya pili tangu nikatwe. Daktari anasema picha ni safi. Nywele zimerudi za kipilipili zaidi kuliko za kwanza, zina mvi. Mama Wakuru alikuja mwezi uliopita na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akakagua dirisha langu lenye kadi, akaniuliza kwa nini zimeishia kwenye dripu. Nikamwonyesha mkono. Akasema, "Kwani ng'ombe akivunjika pembe moja anaacha kula majani? Una mkono mwingine hapo unautumia kukunia kichwa tu."

Nikanunua mkasi mkubwa wa fundi nguo, nikaanza na kushoto. Mwezi mzima nimekata takataka. Masatu anazoa vipande chini, hasemi kitu. Magamba bado ananiletea. Nayapokea. Kama nimemsamehe sijui, hiyo ni ya kwake na yangu na hatujaimaliza. Yeye lakini alipoulizwa na mimi alijibu. Aliitoa kwa mdomo wake.

Jana nimemaliza kadi inayosimama. Pembe zake zimekwenda upande, ua la zambarau limepinda shingo, lakini linang'aa. Nimehesabu tangu zile mia mbili, na zile za dirishani, na ng'ombe wa Mama Wakuru. Kwa sheria ya Sista, hii ilikuwa iwe yangu. Ninaitoa. Ni mara ya kwanza naivunja sheria ile nikiwa najua.

Nimeipeleka Bunda kwa mkono wa binti yangu, na karatasi mbili za maneno hayohayo, zisizo na ua, kwa wale wazee, na moja kwa Salome wa dirishani. Nimezifunga kwa gundi ya muhogo yenye mrututu, ili anayeifungua aione inavyomwagika. Maneno nimeyaandika kwa mfano uleule wa kadi za harusi yao, maana nilishayaandika mara mia mbili, nayajua kwa moyo:

Mimi, Nyangeta, Mama Bwire wa Kiriba, nakualika wewe Majura nyumbani kwangu, Jumapili ya kwanza baada ya kupanda, saa nne asubuhi, barazani, kwenye meza ileile. Chakula kipo. Wazee watakuwepo. Utaulizwa swali moja, nani alikupa miezi yangu mitano, na utalijibu ukiwa umekaa, mbele ya mkono wangu.

Usipokuja Jumapili hiyo, nitakata nyingine. Kushoto kwangu kunazoea.